Vibanio vya Mke Mwenza

Kwa miaka ishirini na sita Bibi Gundi aligawana mume na pikipiki. Ndivyo alivyopenda kuwaambia wateja wake, kiatu cha mtu kikiwa mapajani na uzi ukining'inia mdomoni. Mumewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtaa mzima ukimwita Mzee Mita, na kila Jumapili alikuwa akiiosha pikipiki yake kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, akiifuta taratibu hadi kwenye spoku za magurudumu. "Mke mwenza anaogeshwa," Bibi Gundi alimtangazia yeyote aliyepita. "Mimi mkubwa nikitaka kuoga naonyeshwa ndoo." Mzee Mita alicheka tu, akaendelea kufuta.

Jina la Bibi Gundi lilitokana na kazi yake. Alikuwa fundi viatu, kibanda chake kimeegemea ubavu wa nyumba, mlango ukitazama barabara. Watoto wa shule walimletea viatu vilivyoachama midomo, naye akavifumba. Walimletea na mabegi, mikanda, mpira uliopasuka, na siku moja mtu alimletea kiti cha baiskeli. Chochote chenye ngozi au kinachofanana na ngozi kilipita mikononi mwake, kikarudi kwa mwenyewe kimetulia.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu Mzee Mita aondoke duniani, na mke mwenza alikuwa amebaki uani chini ya bati, amefunikwa turubai. Watu wawili walikuja kumuulizia kama anauzwa. Bibi Gundi aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, akawasindikiza hadi barabarani, wakafika kwao ndipo wakatambua kwamba hawakujibiwa.

Mjukuu wake ndiye aliyeliondoa turubai. Binti huyo alilelewa na Bibi Gundi tangu ana miaka minne, akasoma, akamaliza chuo cha uuguzi, na mtaa ukaanza kumwita Nesi hata kabla hajapata cheti. Mwanzoni mwa mwezi alikuwa amepata kazi katika zahanati ya juu kilimani, kwa majaribio ya miezi mitatu. Shida ilikuwa moja. Gari la kwanza la abiria lilipanda kilima saa mbili, na Nesi alitakiwa awe kazini saa moja kamili. Lakini kuendesha pikipiki alijua. Babu yake alimfundisha mwenyewe zamani, jioni kwa jioni, akitoka kazini.

Basi tatizo likaanza asubuhi ya kwanza kabisa. Mtaa ule ulikuwa bondeni, na asubuhi ubaridi ulilala juu ya kila kitu, bati likidondosha umande. Nesi alipiga kiki, mke mwenza akakohoa, akaguruma vizuri, na wakati binti anafunga kamba ya helmeti, injini ikafifia na kuzima. Akapiga tena. Ikaguruma, ikazima. Alipiga kiki hadi jasho likamtoka ndani ya sare nyeupe, na Bibi Gundi akawa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukinywa.

Wiki mbili zilipita hivyo. Siku nyingine injini iliwaka kwa bahati, siku nyingine binti aliisukuma hadi mwisho wa barabara akipata msaada wa wapita njia. Mara mbili alichelewa. Msimamizi wa zahanati hakupiga kelele. Alimwita pembeni, akamweleza kwamba muuguzi wa zamu ya usiku ana mtoto mchanga nyumbani, na kila dakika ambayo Nesi anachelewa, mtoto yule analia akisubiri kunyonya. Akasema pia, kwa upole uleule, kwamba akichelewa mara ya tatu ataita jina linalofuata kwenye orodha.

Nesi alimsimulia bibi yake maneno hayo Ijumaa jioni, akiosha vyombo, mgongo wake ukiwa umegeuka. Bibi Gundi aliutazama mgongo ule na kuona umeinama kuliko mgongo wa mtu wa miaka ishirini na mitatu.

Haikuwa kwamba hawakutafuta fundi. Mtaa wa pili kulikuwa na fundi wa pikipiki aliyeitwa Spana, kijana mcheshi asiyetoka bila bisibisi sikioni. Nesi alimpelekea pikipiki mara mbili, saa ya mchana baada ya kazi. Mara ya kwanza Spana alibadilisha plagi. Mara ya pili alifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Na kila mara, jua likiwa utosini, mke mwenza aliwaka kwa kiki moja, akaguruma kama bibi harusi aliyesifiwa. Spana alikuna kichwa. Mara ya pili alikataa kupokea chochote, akisema hajaona ugonjwa, na yeye halipwi kwa kumtazama mgonjwa.

Jumapili ikafika. Nesi alikuwa ndani akipiga pasi sare ya Jumatatu, na Bibi Gundi akaona kukaa bure hakumsaidii mtu. Akapasha maji, akachukua ndoo, akatoka uani kumwosha mke mwenza. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote. "Leo zamu yangu," aliiambia pikipiki. "Na wewe kesho usiniaibishe."

Alikumbuka kwamba Mzee Mita alikuwa akiweka kitambaa chake laini kwenye kisanduku cha vifaa, kile cha bati kilicho ubavuni chini ya kiti. Akakifungua. Kitambaa kilikuwamo, kimekunjwa mara nne. Akakitoa, na ndani yake vikamwagika vibanio vya nguo.

Vilikuwa saba, vya mbao. Kimoja kilikuwa kimevunjika nusu. Vingine meno yake yalikuwa yameliwa, yamekuwa meusi kwa mafuta. Na kila kimoja kilikuwa na nukta ya wino mwekundu kichwani.

Bibi Gundi aliigeuza ndoo tupu akaikalia.

Ile nukta nyekundu aliitia yeye mwenyewe, miaka saba iliyopita. Wakati ule vibanio vyake vilikuwa vikipotea kwenye kamba, leo kimoja, mwezi ujao kingine. Akavitia alama, na bado vikapotea. Uani kwake hakukuwa na mtu ila yeye, mumewe na mjukuu, na upande wa pili wa ukuta mfupi alikuwa Mama Pacha, jirani yake, ambaye kamba yake ya nguo ilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye ukuta. Bibi Gundi akafanya hesabu yake. Siku moja, akianika mashuka, na wanawake wengine wakichota maji bombani wakisikia, alisema kwa sauti kwamba vibanio havina miguu, na kwamba mwenye mikono mirefu aikate kabla haijakatwa. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja ya kutaja.

Mama Pacha alisikia. Aliinua beseni lake akaingia ndani. Tangu siku hiyo walisalimiana, lakini salamu ile ilikuwa kama chai ya jana. Na Mzee Mita alipofariki, Mama Pacha alikuja na wenzake kufagia uwanja na kupika, na alipokuwa akiondoka siku ya tatu alimwachia Bibi Gundi kifurushi cha vibanio vipya, dazeni nzima, akisema msiba una nguo nyingi za kufua. Bibi Gundi alivipokea, akashukuru, na moyoni akasema: huyo anarudisha vyangu.

Aliyakumbuka hayo yote pale kwenye ndoo, na uso ukamchoma ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona. Kwa nini Mzee Mita achukue vibanio, hakujua. Lakini alijua mwizi alikuwa akilala kitanda kimoja na yeye, na kwamba kuna mtu upande wa pili wa ukuta amebeba mzigo usio wake kwa miaka saba. Akakausha mikono. Akavifunga vile vibanio ndani ya kitambaa, akajitanda khanga yake, akatoka kwa mlango wa mbele. Angeweza kuita juu ya ukuta, lakini aliona jambo kama hili lina mlango wake.

Mama Pacha alikuwa akichambua mchele. Alishangaa kumwona, akampisha kwenye kiti chenye mto. Bibi Gundi hakukaa. Alifungua kitambaa juu ya meza, akasubiri mpaka jirani yake akaviona na kuvitambua.

"Vilikuwa kwenye pikipiki," alisema. "Mzee ndiye aliyechukua. Mimi nilikusema vibaya, Mama Pacha, tena mbele ya watu. Nimekuja kuomba radhi, na kama unataka nitakuja kuyasema hayahaya pale bombani."

Mama Pacha alikiokota kile kilichovunjika nusu, akakigeuzageuza. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Bibi Gundi alidhani analia, kumbe anacheka.

"Dada yangu," alisema alipopata pumzi, "mimi nilijua siku zote."

Akamvuta mkono hadi chumbani kwake, akalifungua dirisha. Lilitazama moja kwa moja kwenye ua wa Bibi Gundi, pale penye bati. Kila asubuhi, Mama Pacha alieleza, akiwa anapiga mswaki, alimwona Mzee Mita anachuchumaa ubavuni mwa pikipiki na kibanio mkononi, na cha zamani kikichakaa alichomoa kingine kwenye kamba ya nguo. Anavuta kile kifundo cheusi cha pembeni, anakibana na kibanio ili kisirudi ndani, halafu ndipo anapiga kiki. Siku moja alimuuliza. Mzee akamwambia kifundo kimechoka, hakikai tena, na kikirudi mapema injini inazima. Akamsihi asimwambie mkewe, maana mkewe akisikia pikipiki ina ugonjwa atasema iuzwe.

"Ningesema hivyo kweli," alikiri Bibi Gundi.

"Basi nikanyamaza. Halafu ukatukana pale bombani, nikasema nikifungua mdomo sasa nitamgombanisha mtu na mkewe. Halafu akafa, nikasema nitamwitaje marehemu mwizi?" Mama Pacha alifunga dirisha polepole. "Hizi wiki mbili namsikia mtoto anahangaika. Kila siku nataka kuja. Nikawa naona nikianza habari za vibanio utadhani nimekuja kujitetea."

Bibi Gundi aliushika mkono wa jirani yake na hakuuachia kwa muda. Miaka saba yule mwanamke alikuwa ameitunza siri ya mtu mwingine kwa gharama ya jina lake, na bado akaja kufagia. Akasema, "Njoo ukamwonyeshe mjukuu wako."

Nesi aliitwa, akaacha pasi. Mama Pacha alichuchumaa kama alivyomwona Mzee Mita akichuchumaa, akakivuta kile kifundo. Kilikuwa kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti, kimeshikizwa kwenye ncha ya kijiti chembamba cha chuma. Ndiyo choki yenyewe. Injini ikiwa baridi unakivuta nje ipate mafuta mazito, ikipata joto unakisukuma ndani. Alipokiachia, wote watatu walikiona kikirudi chenyewe, taratibu, bila aibu.

Binti alishika kichwa. Kumbe alikuwa akikivuta kila siku, akikiona kinarudi, na kudhani ndivyo kilivyoumbwa, kama kitufe cha kengele ya mlangoni. Babu yake alimfundisha jioni tu, pikipiki ikiwa imeshatembea kutwa na moto wake tumboni. Choki hawakuigusa kamwe. Na kwa Spana alikuwa akiipeleka pikipiki mchana wa jua.

Alitaka wabane na kibanio palepale, mambo yaishe. Lakini Mama Pacha alieleza kwamba Mzee alikuwa akisimama mwisho wa barabara kukitoa, na siku aliyosahau alirudi pikipiki ikifuka moshi mweusi, plagi imekufa. Bibi Gundi alimtazama mjukuu wake. Mtu mwenye mawazo ya wagonjwa kichwani atasahau kibanio, tena atakisahau kesho hiyohiyo. "Hapana," alisema. "Babu yako alibana. Sisi tutashona."

Nesi alikwenda mbio kumwita Spana, ingawa ilikuwa siku yake ya kupumzika. Alikuja na ndala, bisibisi sikioni vilevile. Alipoelezwa, alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Mgonjwa ana homa ya asubuhi, mimi nampima saa saba," alisema. "Bibi, mimi si daktari, mimi ni mganga wa kienyeji." Akafungua nati ndogo iliyoshika kijiti kile, akaichungulia ndani. Palikuwa na pete ya mpira zamani, akawaonyesha, kazi yake kukikumbatia kijiti kisiteleze. Sasa ulibaki unga mweusi tu. Pete ya namna hiyo, alisema kwa huzuni, haiuzwi tena. Pikipiki hii wenzake wote wameshazikwa.

Bibi Gundi alinyoosha mkono, akaipokea ile nati na kijiti, akavitazama kama anavyotazama kiatu kigeni. Tundu, kijiti, kitu cha kukumbatia. Miaka arobaini alikuwa akifanya mikanda isilegee kwenye matundu yake. Akaondoka bila kusema, akaingia kibandani.

Pete ya kwanza aliikata kwenye ngozi ya soli. Spana akaifunga, Nesi akavuta, na kifundo kikagoma kabisa, si kutoka si kuingia. Ngozi ilikuwa kavu na ngumu mno. Ya pili aliikata kwenye mkanda wa begi. Ikashika vizuri mara tatu, ya nne ikapasuka. Bibi Gundi hakukasirika. Alikaa akipitisha mkono kwenye kapu la vipande, akinyonya meno, kisha akaacha kapu, akanyanyua macho kwenye rafu ya juu.

Pale juu palikuwa na jozi ya viatu vya kazi vya Mzee Mita. Aliviacha kwa mkewe avitengeneze soli wiki ileile aliyougua, naye hakuwahi kuviteremsha. Sasa akaviteremsha. Akapuliza vumbi. Ulimi wa kiatu ulikuwa wa ngozi nene lakini laini, umelainishwa na miaka ya kutembea nyumba kwa nyumba. Akaupima kwa vidole, akachukua kisu.

"Bibi," mjukuu alisema mlangoni. "Si lazima hivyo."

"Yeye ndiye aliyetuachia ugonjwa," Bibi Gundi alisema. "Acha atoe dawa."

Alikata pete ndogo kuliko sarafu ndogo kabisa, akatoboa tundu jembamba kuliko kijiti, akailoweka kwenye mafuta ya cherehani aliyoleta Mama Pacha, akaikamua, akailoweka tena. Spana akaivika kwenye kijiti kwa uangalifu wa mtu anayemvika mtoto soksi, akakaza nati nusu mzunguko, akaonja, akalegeza kidogo. Nesi akavuta. Kifundo kikatoka, kikakaa. Akasukuma, kikaingia. Walivuta na kusukuma kwa zamu, hata Mama Pacha, mpaka Spana akawaambia waache, wataimaliza kabla ya Jumatatu. Aliongeza kuwa hajui kama itashika injini ikianza kutikisika. Hilo litajulikana asubuhi, kwenye baridi.

Asubuhi ubaridi ulikuwepo, tena wa kutosha. Bati lilidondosha umande. Nesi alitoka na sare iliyonyooka, akachuchumaa, akakivuta kifundo. Bibi Gundi alisimama mlangoni bila kikombe, mikono imefungwa ndani ya khanga. Dirisha la upande wa pili lilikuwa wazi, na ndani yake Mama Pacha ameshika mswaki asiousogeza.

Kiki ya kwanza, kimya. Kiki ya pili, mke mwenza akakohoa, akaguruma. Nesi hakugusa kitu. Wote walikuwa wakikitazama kile kifundo cheusi. Injini ilitikisika, kioo cha pembeni kikatetemeka, nacho kifundo kikatetemeka pia, lakini hakikurudi. Binti alivaa helmeti. Alifunga kamba yake taratibu, hadi mwisho, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Kisha akakisukuma nusu, akasikiliza, akakisukuma chote, na injini ikaendelea, sauti yake ikiwa imetulia kama mtu aliyeshiba.

Alimtazama bibi yake. Bibi Gundi alimfanyia ishara ya mkono kwamba aende, asimpotezee mtoto wa watu maziwa.

Aliisikia pikipiki ikifika mwisho wa barabara, ikipinda, ikianza kupanda. Walikuwa wamekubaliana kwamba akifika atabipu. Bibi Gundi akaiweka simu kwenye meza ya kibanda, karibu na gundi, akachukua kiatu cha mtu akakishika bila kukishona. Mama Pacha akaja na chai yake, akakaa kwenye kigoda cha wateja, wala hakuulizwa amefuata nini.

Saa moja kasoro dakika kumi na mbili simu iliita mara moja, ikakatika.

Bibi Gundi akaanza kukishona kile kiatu. Mama Pacha alipuliza chai yake. Baada ya muda Bibi Gundi aliinuka, akasema ana mashuka ya kuanika, na kama jirani yake naye ana nguo, azilete huku huku, kamba ni ndefu. Walianika pamoja, wakichanganya vibanio, vyenye nukta na visivyo na nukta. Kimoja, kile chenye meno yaliyoliwa zaidi, Bibi Gundi alikuwa amekirudisha kwenye kisanduku cha pikipiki, ndani ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Mke mwenza naye apate chake.